Mawingu yametanda na nataka bahari iwe kama moshi: niende au niahirishe?

Mbukwenyi wote. Leo najibu swali moja tu maana lina maswali mengine manne ndani yake. Limetoka kwa dada mmoja wa Nzuguni, hapa hapa Dodoma, nimelifupisha kidogo:

"Kaka shikamoo. Mi najifunza picha mwenyewe nyumbani, nina Canon na ile lenzi yake ya 18-55. Mwezi wa nne nina siku tatu Bagamoyo na nataka nipige zile picha za bahari ambazo maji yanakuwa kama moshi. Nilienda bwawa la Hombolo Jumamosi moja mchana kujaribu, nikaweka shata sekunde 10, zote zikatoka nyeupe pe. Nikanunua filta nyeusi, sasa zinatoka zambarau na hazijatulia. Na kila mtu ananiambia mwezi wa nne Pwani ni mvua na mawingu tupu. Nisogeze mpaka mwezi wa saba? Na je, nikodi lenzi nyingine?"

Marahaba dada yangu. Nenda. Ukisogeza mpaka mwezi wa saba kuna uwezekano mkubwa ukakuta anga la bluu na jua la kuchoma macho alafu ukarudi kule kule kwenye nyeupe pe. Aliyekuambia mawingu yanaharibu picha hajakudanganya, pengine anapiga harusi kama mi ninavyopiga, na kwenye harusi mbingu ikifunga bibi harusi ananuna na mwenye kamera ananuna. Ila kwa kazi hii unayoitaka wewe mawingu ndo mtaji wenyewe.

Tuanze na Hombolo maana pale ndo shida ilipoanzia. Siku ya jua la Dodoma, ukiweka ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/11 (namba ikikua tundu linabana), kamera inataka shata, ule muda wa kuachia mwanga uingie, ya 1/200 hivi, yaani sekunde moja uikate vipande 200 uchukue kimoja. We ukaweka sekunde 10. Hiyo ni mara 2000 ya mwanga uliohitajika, ni kama mtu kaomba kikombe cha chai we ukampelekea nusu ya simtanki ya lita 1000. Na hata ungebana tundu mpaka f/22 bado ungekuwa umezidisha mara 500, kwa hiyo usijilaumu, hakuna kitufe ambacho ulitakiwa ukibonyeze ukakisahau, mwanga ulikuwa mwingi kuliko uwezo wa lenzi kuuzuia basi.

Sasa chukua siku mawingu mazito yamefunika, ISO ile ile, f/11 ile ile, kamera itakuambia 1/30. Ukifunga filta inayopunguza mwanga mara elfu, siku ya jua ile 1/200 inakuwa sekunde 5 tu, siku ya mawingu ile 1/30 inakuwa sekunde 33, na jioni jioni mawingu yakiwa bado yapo na kamera inasoma 1/8 inakuwa dakika mbili na ushee. Filta ni hiyo hiyo moja uliyonunua. Muda umeongezewa na mawingu, bure. Alafu hamna ule mng'ao wa jua juu ya maji unaotoboa picha kama msumari, na vivuli vinakuwa laini, jiwe linaonekana jiwe.

Hapo kwenye filta, angalia namba iliyoandikwa pembeni. ND8 inapunguza mara 8, ND64 mara 64, ND1000 mara elfu. Wapigapicha wanahesabu kwa stopu, kila stopu ni kupunguza mwanga nusu, kwa hiyo hizo ni stopu 3, 6 na 10, ila we usijichoshe, zidisha tu. Unapima bila filta, kamera inakuambia kwa mfano 1/15, unafunga ND64 unazidisha 64, unapata sekunde 4 na kitu. Ndo hesabu yote, hata kwenye kikokotoo cha simu ya tochi inawezekana. Lenzi yako ya 18-55 ya Canon nyingi zinachukua filta ya milimita 58, hakikisha kwa kusoma nyuma ya kifuniko cha lenzi usije ukanunua kwa kukisia, mi nina filta mbili za 52 ndani ya droo mpaka leo hazina mwenyewe.

Zambarau sasa. Filta nyingi za bei nafuu zinazuia mwanga unaouona kwa macho lakini ule mwanga wa infraredi wanauachia upite, na senso, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, inauona kidogo, matokeo yake sehemu nyeusi za picha zinavimba rangi ya zambarau au wekundu wa kama kutu. Kadiri unavyokaa muda mrefu ndivyo inavyozidi. Dawa yake ya kwanza piga RAW, lile faili ghafi ambalo kamera haijalichezea, siyo JPEG, hapo rangi unaweza kuivuta ukarudi nayo kwenye kompyuta. Ya pili, weka waiti balansi (mizani ya rangi) mwenyewe, usiiache kwenye oto, maana oto ikiangalia kupitia kioo cheusi inachanganyikiwa. Ya tatu ndo ninayoipenda mimi, geuza iwe nyeusi na nyeupe, bahari ya siku ya mawingu haina rangi kubwa ya kukupa hata hivyo.

Kuna sababu nyingine ya michirizi ya rangi ambayo watu wengi hawaijui: mwanga unaoingilia nyuma, pale unapoweka jicho. Ukipiga sekunde 30 na zaidi na hujaweka jicho pale, mwanga unapenya kwenye kile kidirisha unaingia ndani. Kwenye mikanda mingi ya Canon za zamani kuna kimpira kidogo kimening'inia, kazi yake ni kuziba hapo, watu wanadhani ni urembo. Kama huna ziba na kitambaa cheusi, au piga kwa kutumia kioo cha nyuma.

Na kama filta yako ni ile ya kuzungusha, inayoanza nyepesi inakuwa nzito, usiizungushe mpaka mwisho. Ikifika mwisho inaleta msalaba mweusi katikati ya picha na ukiupata huo hamna programu ya kuuondoa.

Kuna watu wanatumia kioo cha fundi wa kuchomelea. Inafanya kazi kweli, namba 10 inapunguza mwanga stopu kama 13, yaani mara elfu nane, 1/30 inakuwa dakika nne na nusu. Rangi itatoka ya kijani kama juisi ya mchicha kwa hiyo nyeusi na nyeupe ni lazima. Mi nilianzia hapo, nilikifunga mbele ya lenzi kwa raba za kubania hela. Ila kama filta unayo tayari achana nacho.

Hazijatulia. Hapa nina watuhumiwa wanne na bila kuona picha siwezi kukuambia nani kaiba, wakague wote.

Wa kwanza ni fokasi. Ukishafunga ND1000 kamera haioni kitu, ukibonyeza inatafuta fokasi mbele nyuma mbele nyuma alafu inapiga hovyo. Kwa hiyo weka kamera kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu), panga fremu yako, pata fokasi kwenye kitu kilicho theluthi ya kwanza ya picha, sogeza swichi ya lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono), alafu ndo ufunge filta taratibu kama mtu anayefunga kifuniko cha dawa ya mtoto, usiguse pete ya zumu. Kila ukibadilisha fremu unafungua filta unaanza upya. Inachosha ndiyo.

Wa pili ni ile swichi ya kutuliza mtikisiko pembeni ya lenzi. Kamera ikiwa mkononi inasaidia, ikiwa juu ya tripodi kwa muda mrefu kile kimota kinaweza kutafuta mtikisiko ambao haupo na kuutengeneza. Zima. Ukirudi kwenye kazi zako za kawaida usisahau kuiwasha.

Wa tatu kidole chako. Tumia taima ya sekunde 2 au rimoti ya waya. Na kamera nyingi zinaishia sekunde 30, kupita hapo unaingia Bulb, ambayo shata inabaki wazi muda wote ulioshikilia kitufe, hapo rimoti yenye kufuli siyo anasa tena, huwezi kushika kitufe dakika mbili bila kutetemeka.

Wa nne ni tripodi na hapa nikae kidogo. Unajua wazee wa Kigogo wanavyosimulia jina la mji wetu, tembo alizama kwenye tope watu wakasema idodomya, imezama. Basi tripodi ufukweni nayo inadodoma. Wimbi likija linachukua mchanga chini ya miguu, tripodi inashuka kidogo, milimita moja tu ya mguu ukiipeleka mpaka kwenye upeo wa macho inakuwa kitu kikubwa, picha nzima inapata kivuli chake pembeni kama mtu aliyeamka na malaria. Utakachofanya: panda miguu ndani ya mchanga kabisa, isukume chini kwa uzito wako mpaka igome, subiri mawimbi mawili matatu yapite bila kupiga, ndo uanze. Au weka chini ya kila mguu jiwe bapa au kisahani cha plastiki. Usitoe ile nguzo ya katikati juu. Mkanda wa kamera uvue au uufunge, upepo wa kusi ukiukamata unapiga kama bendera na kamera inatikisika nayo. Watu wanashauri kuning'iniza begi katikati ya tripodi, sawa, ila liguse chini kidogo, likining'inia hewani linageuka bembea.

Haya, umeshapata picha iliyotulia na rangi inayoeleweka. Sasa ndo tunafika kwenye kitu ambacho nakiona watu wengi wanakosea na ndo hasa nilitaka nikuandikie: sekunde ngapi.

Kila anayeanza akipata ND1000 anakimbilia sekunde 30 kwa kila kitu. Na siku ya mawingu ndo kabisa kwa sababu inawezekana kirahisi. Matokeo yake unapata maji meupe yamelala kama uji, juu yake anga nyeupe imelala kama uji mwingine, na mstari hauonekani mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Anakuambia ni minimalisti, yaani picha ya vitu vichache. Bana, ni karatasi.

Maji yana tabia tofauti kwa muda tofauti. Ukikaa robo sekunde mpaka nusu sekunde, wimbi linaporudi baharini linaacha nyuzi nyuzi nyeupe mchangani, unaona kabisa lilivyopita na lilivyokwepa jiwe. Sekunde 1 mpaka 4, zile nyuzi zinaanza kuungana, povu linakuwa kama pamba iliyochambuliwa lakini nguvu ya maji bado unaiona. Sekunde 10 mpaka 30 ndo ule moshi. Dakika mbili na kuendelea ni kioo, mawimbi yote yamefutika na mawingu nayo yanaanza kuvutika. Kwa mtu wa siku tatu ningekuambia siku ya kwanza yote piga chini ya sekunde 4, na filta ya ND64 au ND8 badala ya ND1000. Na bonyeza wimbi likianza kurudi, siyo likija, linapokuja linaleta vurugu na linapiga tripodi, linaporudi ndo linachora. Kwenye kumi utapata mbili nzuri, ni kawaida kabisa, mi mwenyewe nikitoka na mbili nasema asante Mungu nakwenda kula.

Alafu angalia juu kabla hujachagua muda. Mawingu siyo kitu kimoja. Kama yana mapande, meusi hapa, meupe pale, na yanakimbia, hapo dakika moja mpaka mbili zitakupa michirizi mizuri sana hasa kama yanakuja kuelekea kwako au yanaondoka, yanatoka kwenye fremu kama miale. Lakini kama ni lile blanketi la kijivu limetandikwa upande mpaka upande, dada, hata ukae saa nzima halitakupa kitu, kijivu kikisogea juu ya kijivu ni kijivu. Siku hiyo anga lipunguze, upeo wa macho upeleke juu kabisa ya fremu au ulitoe anga lote, picha iwe maji na kitu kimoja. Wengi wanarudi hotelini siku ya blanketi, mi ndo natoka, kwa sababu ndo siku mwanga haubadiliki, unaweza ukapiga kitu kile kile nusu saa kwa muda tofauti ukajifunza zaidi ya mwezi mzima.

Ila hata siku hiyo anga bado linang'aa kuliko maji. Tazama ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha nyuma, ukiona imegonga ukuta wa kulia anga limeungua, yaani limebaki jeupe tupu, punguza muda. Maji yakiwa meusi kidogo kwenye RAW unayainua baadaye, anga likishaungua limeungua.

Kuhusu nini cha kuweka mbele. Mwaka 1838 huko Paris, Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple kutoka dirishani, ule wakati picha moja ilikuwa inachukua dakika kadhaa. Mtaa ulikuwa na watu na magari ya farasi lakini kwenye picha hamna mtu, wote wamefutika kwa sababu walikuwa wanatembea. Aliyebaki ni jamaa mmoja aliyesimama anang'arishiwa viatu. Hapo pana somo lote la hii kazi: kinachotulia kinabaki, kinachotembea kinafutika. Kwa hiyo ngalawa inayoelea usiihesabu, itacheza cheza na itatoka ina vichwa vitatu. Tafuta ngalawa iliyokaa mchangani maji yakiwa yanaipita chini, mizizi ya mikoko, vigingi vya kufungia vyombo, jiwe. Watu ufukweni wasikusumbue, wakipita pita kwa sekunde 30 hawatoonekana, ila mtoto akisimama kukushangaa, na watasimama, atatoka kama mzimu, mpungie mkono acheke akimbie.

Bagamoyo ufukwe wake ni tambarare na maji ni ya kina kifupi, kwa hiyo siku za bamvua, zile za maji kupanda na kushuka sana, maji yakipwa bahari inakimbia mbali kweli, unaweza ukafika na filta yako ukakuta uwanja wa mpira. Na mawimbi ni madogo, Unguja iko mbele inakinga, usitegemee kishindo. Mto Ruvu unamwaga maji yake hapo juu kidogo, wakati wa masika maji yanaweza kuwa ya rangi ya chai ya maziwa, sababu nyingine ya kupiga nyeusi na nyeupe. Ukitaka mawe na mawimbi yanayopasuka, siku moja ipunguze ubaki Dar, Coco Beach ina majabali ya matumbawe na maji yakijaa upepo wa kusi ukiwepo yanapiga vizuri, ila mawe yake yana makali ya kuchana ndala na yanateleza, vaa raba.

Jambo la maji kujaa na kupwa usiliache mpaka ufike, sisi wa bara tunalisahau kabisa, tumezoea bwawa linalokaa pale pale mpaka kiangazi kilikaushe. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika kadhaa, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada yake, ndo bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Sasa kitu kizuri cha pwani yetu ni kwamba siku za bamvua maji yanafika juu kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakuwa chini kabisa kwenye saa nne. Siku za maji mafu inageuka. Kwa hiyo kama unaweza kuchagua siku zako tatu, chagua zinazoangukia bamvua, maana kuanzia saa kumi na nusu jioni maji yanaanza kurudi na mwanga unaanza kushuka kwa pamoja, kila wimbi linakuachia mchanga laini usio na nyayo, na bahari inaondoka, haikufuati. Kupiga wakati maji yanajaa inawezekana ila usigeuze mgongo. Mi niliwahi kusimama kwenye fungu la mchanga nasubiri dakika nne zangu za kioo cha kuchomelea, kuangalia nyuma nimezungukwa, nikatoka maji yakiwa kiunoni kamera ipo kichwani kama ndoo. Wavuvi waliokaa pembeni walicheka mpaka wakalala chini. Wao ndo wa kuwauliza, tarehe ya mwezi wanaihesabu kichwani, na ukiwasalimia kwanza kabla ya kutoa kamera hutapata tabu na mtu.

Jioni jua linazama nyuma yako maana Bagamoyo inatazama mashariki, na huku kwetu giza halina subira, likianza limeingia. Ukianza picha ya dakika mbili wakati huo, mwanga ulioupima mwanzo siyo utakaokuwepo mwisho, ongeza nusu ya muda juu yake.

Kamera ikimaliza dakika mbili alafu ikabaki imeandika bizi dakika mbili nyingine usiizime, haijafa. Inapiga picha ya pili ya giza ili ilinganishe na kuondoa zile nukta nyekundu na bluu zinazoletwa na joto la senso. Unaweza kuizima hiyo kwenye menyu ukitaka kupiga haraka. Mi naiacha nikipita dakika moja, joto la Pwani siyo mchezo.

Kabla hujaondoka Dodoma, vumbi. Upepo wetu huu na barabara zetu hizi, nakuhakikishia senso yako ina nukta, na kwenye f/16 juu ya anga la kijivu kila nukta inaonekana kama inzi. Piga ukuta mweupe au anga kwa f/22 fokasi ukiwa umeiharibu makusudi, uangalie. Zikiwa nyingi tumia kile kipuliza hewa cha mpira, usipulize na mdomo, mate yakiingia umeongeza kazi. Na hiyo ni sababu ya mimi kukuambia ubaki f/8 mpaka f/11, ukibana zaidi nukta zinatokeza na picha yenyewe inaanza kupoteza ukali. Kama muda hautoshi ongeza filta, usibane tundu.

Jaribio la mwisho fanya Hombolo tena, safari hii nenda siku imefunga mawingu, na mwezi wa tatu huku kwetu bado zipo. Unapiga tete na vigogo kwa sekunde 2, 8, 30, unarudi unaangalia. Mtera ni pazuri zaidi, ile miti iliyokufa imesimama majini ni kama iliwekwa kwa ajili ya kazi hii, lakini ni kama nusu ya njia ya Iringa na kuna viboko na mamba, kwa hiyo huingii majini hata kisigino, na kamera usielekeze kwenye ukuta wa bwawa wala mitambo, ni eneo linalolindwa.

Treni ya SGR imerahisisha mambo tangu 2024, unafika Dar bila mifupa kulia, tripodi ifunge na khanga ndani ya begi. Ukilala kwenye chumba cha kiyoyozi, kamera usiitoe asubuhi moja kwa moja ukaipeleka ufukweni, lenzi itajaa ukungu na utaifuta na utakuwa unaikwaruza. Iache ndani ya begi limefungwa nusu saa nje, izoee. Mvua ikinyesha zamani tungechukua mfuko wa rambo, tangu Juni 2019 imepigwa marufuku, beba kofia ya kuogea ya plastiki, inaivaa kamera vizuri kuliko hata inavyomvaa mtu. Vitambaa vya kufutia beba vitatu, chumvi inarukia kwenye filta bila wewe kuiona na kwenye picha ya sekunde 30 inatoka kama doa la mafuta.

Lenzi usikodi. 18-55 kwenye 18 inatosha kuchukua bahari yote, kwenye 35 inatosha kumchukua ngalawa mmoja na nafasi yake. Hiyo hela nunua rimoti ya waya na betri ya pili, hizi ekspoja ndefu zinakula betri kama watoto wanavyokula karanga.

Na tripodi ukitoka nayo baharini ioshe kwa maji yasiyo na chumvi jioni hiyo hiyo, vuta miguu yote, fungua vile vibano, mwagia, iache ikauke wazi. Usiseme utaiosha ukifika Nzuguni. Ya kwangu ya kwanza niliiweka hivyo hivyo na mchanga wake nyuma ya mlango, kuja kuifungua baada ya miezi mitatu mguu mmoja ulikuwa umeshikana na chumvi, na mpaka leo haufunguki, nimeifanya ya kuanikia mashuka ya studio.